Utangulizi: Kutoka Mkungu wa Ndizi hadi Asimtoti

Kitabu hiki nimekiandika nikiwafikiria vijana wa Ngenge, kule Muleba, wanaomaliza darasa la saba wakiijua MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) kwa moyo, kisha wakafika sekondari, wakakuta aljebra imebadilika lugha, wakadhani akili zao ndizo zilizopungua. Hazikupungua. Mitajo ya kialjebra, aina za namba na asimtoti hufundishwa mbalimbali, kila moja na mada yake, ilhali ni jambo moja.

Tuchukue ndizi. Tuseme kukodi gari kutoka Ngenge hadi Bukoba mjini ni shilingi 60,000, na kila mkungu unalipiwa 2,000 za upakiaji na ushuru. Ukipeleka mikungu n, kila mmoja utakugharimu (60,000 + 2,000n) ÷ n. Hapa ndipo wengi hufuta n ya juu kwa n ya chini, wakaandika 62,000. Jaribu mikungu miwili: 64,000 gawanya kwa 2 ni 32,000. Kigawanyo kinagawanya kila kilichomo ndani ya mabano, si kile kinachofanana nacho tu. Kwa hiyo mtajo unakuwa 2,000 + 60,000/n. Hatua hii isomwe polepole.

Je, n ni namba ya aina gani? Mikungu huhesabiwa 1, 2, 3. Hakuna mkungu hasi. Lakini ukipeleka 7, gharama ya mmoja haitoki kwa shilingi kamili. Inakuwa namba wiano, yaani inayoandikika kama sehemu ya namba kamili mbili. Ukipima shamba la mraba lenye upande wa mita 100 kutoka kona hadi kona ya mkabala, unapata mita 100√2, na hiyo haiandikiki kama sehemu hata ufanyeje. Zote ni namba halisi, na kwa kuzitumia zote tunaweza kuchora grafu isiyokatika, ingawa ndizi zenyewe zingetupa vitone tu.

Mchoro huo ni haipabola, umbo ambalo Apollonius wa Perga alilichunguza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita pamoja na asimtoti zake. Mikungu 60 inatoa 3,000 kwa mmoja. 600 inatoa 2,100. 6,000 inatoa 2,010. Nitajie pengo lolote juu ya 2,000, liwe dogo kiasi gani, nami nitakutajia idadi ya mikungu inayoleta pengo dogo kuliko hilo. Mstari huo wa 2,000, ambao mchoro unausogelea, ndio asimtoti. Upande wa pili, n ikisogea kwenye sifuri, mchoro unapaa bila kikomo.

Wengi hufundishwa kwamba mchoro haugusi asimtoti yake kamwe. Fundisho hilo halifai. Chora y = x/(x² + 1): asimtoti yake ni mstari y = 0, na mchoro unaukata pale x ilipo 0. Kinachotakiwa ni pengo lipungue kuelekea sifuri kadiri x inavyokua. Na kwa kuwa kosa letu la kwanza lilikuwa kwenye mabano, sura ya kwanza inaanza na mabano.