Mkopeshaji abaki nje ya mlango

Ujumbe wenyewe huja mchana, watu wakiwa kazini. Unasema kwamba mtu fulani, jina lake kamili na namba yake ya simu, amekopa fedha na anakwepa kulipa, nawe uliyeupokea umeandikwa kuwa mdhamini wake. Mwambie alipe leo, hatua zisije zikachukuliwa. Wakati mwingine huambatana na picha yake, ile aliyojipiga akiwa ameshika kitambulisho. Wewe hukumdhamini mtu, wala hukuulizwa. Lakini sasa unajua jambo ambalo mwenyewe hakukuambia, na kama mnasali pamoja, Jumapili mtakutana mlangoni mwa kanisa.

Wapendwa, wengi wetu tumeshaupokea ujumbe wa namna hii. Mahubiri kuhusu deni nayo tumeyasikia sana, na karibu yote humwelekea mkopaji: asiishi kuzidi kipato chake, asikopee harusi akaja kulipa wakati wa matanga. Ni sawa kabisa. Leo tumtazame mkopeshaji, kisha tujitazame sisi ambao simu zetu zimefanywa kipaza sauti chake.

Namna mikopo hii inavyofanya kazi si siri. Mtu anapakua programu kwenye simu, na kabla ya kuona hata shilingi moja anaombwa ruhusa: isome orodha ya namba alizohifadhi, isome meseji zake, iingie kwenye picha. Ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya michango ya shule, au genge lililoishiwa mtaji, au dawa za mama yake zimekwisha. Benki itataka hati ya kiwanja au barua ya mwajiri. Hapa anatakiwa tu kubonyeza neno "ruhusu". Anabonyeza, na dakika chache baadaye fedha imeingia. Tuseme aliomba Sh50,000. Ada inakatwa palepale, anapokea Sh35,000, na baada ya siku saba anatakiwa kurudisha Sh50,000 kamili. Pigeni hesabu wenyewe: Sh15,000 juu ya Sh35,000 ni zaidi ya asilimia 42 kwa wiki moja. Wiki ya pili anakopa kwenye programu nyingine ili amlipe huyu wa kwanza, na ya tatu ili amlipe wa pili.

Mtaani tulikuwa na jina la mikopo ya aina hii, kausha damu, na mkopeshaji wake tulimjua kwa sura. Anakuja na kirikuu, anabeba kochi, televisheni, mtungi wa gesi. Huyu wa mtandaoni habebi kochi. Alichochukua ni majina ya watu wako, na alikichukua siku ya kwanza, kabla hata deni halijawepo.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kina sheria fupi ambayo tunaipita haraka tukiisoma. Iko mstari wa 10 na wa 11. Mtu akimkopesha jirani yake kitu chochote, asiingie nyumbani kwake kuchukua rehani. Asimame nje. Yule aliyekopa ndiye atakayeingia ndani, achague mwenyewe cha kuweka rehani, amletee pale nje. Mistari michache juu yake inakatazwa kuchukua jiwe la kusagia, maana hicho ndicho chombo cha kupatia unga wa leo. Kwa siku zetu tungesema usimchukulie fundi cherehani yake. Na mstari wa 13 unaagiza kwamba vazi la maskini lililowekwa rehani lirudishwe jua likitua, alale nalo.

Kwa nini mkopeshaji asiingie ndani? Fedha ni zake na anadai haki yake. Musa hasemi deni lifutwe hapo mlangoni, wala hasemi mkopaji ni mtakatifu. Lakini mkopeshaji akishaingia ndani ataona kila kitu: sufuria iliyopo jikoni, kitanda wanacholalia watoto, mke aliye mgonjwa. Atachagua yeye. Na akitoka, jirani zake watajua hali ya nyumba ile. Sheria inamwachia mwenye deni mlango wake. Anaweza kupoteza joho, akabaki na mlango.

Simu ya mtu leo ni nyumba yake. Humo yumo mama mkwe, yumo bosi, yumo mchungaji, mwenyekiti wa jumuiya, mwalimu wa mtoto, na yule dada aliyemkopesha Sh20,000 mwaka juzi na bado hajamlipa. Mkopeshaji anayesoma orodha hiyo amekwisha kuingia hadi chumbani. Ukimwambia mtu kwamba mbona alibonyeza "ruhusu" mwenyewe, jibu ni kwamba hata mjane wa zamani aliyeshikwa na njaa angemfungulia mlango mdai kama angegongewa. Ndiyo maana agizo alipewa mdai.

Serikali zetu zimeliona jambo hili, na tuzipe haki yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ina tume ambayo mtu anaweza kuipelekea malalamiko taarifa zake zikitumiwa vibaya. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Wenzetu wa Kenya walitunga kanuni zao mwaka 2022, zinazomkataza mkopeshaji wa mtandaoni kuwapigia watu walio kwenye simu ya mteja ili kumwaibisha. Hata Google, tangu Mei 31, 2023, imezikataza programu za mikopo kwenye duka lake kuchukua namba na picha za mteja. Hata hivyo programu huzaliwa upya kwa jina jingine, na nyingine husambazwa kwa kiungo cha WhatsApp bila kupita duka lolote. Anayeona jina lake limetangazwa huona haya kwenda kulalamika mahali ambako atalazimika kulitaja tena.

Nisieleweke vibaya. Dawa ya deni ni kulipa, na Zaburi ya 37, mstari wa 21, inamhesabu mtu anayekopa asirudishe katika kundi la waovu. Wapo wanaokopa leo, wakaubetia mkopo huo usiku, kesho wakabadili laini na kujiona wajanja. Huyo ni mwizi, hata kama aliyemwibia naye ni mwizi. Lakini namba yako haikutumiwa ujumbe ili upime nani mwadilifu. Ulitumiwa ili aibu ipite kwako kwenda kwa wengine, na mkopeshaji anajua kuwa haimgharimu chochote, kwa sababu tutaifanya kazi hiyo bure.

Na tunaifanya. Ujumbe unamfikia mwanakwaya mmoja saa nane, saa kumi umeshapigwa picha na kutumwa kwa wawili watatu "wa kuaminika", na jioni mazoezini kila mtu anajua isipokuwa mwenyewe hajui kwamba wanajua. Jumapili hiyo anakaa viti vya nyuma. Jumapili ya pili haji. Mtu akiuliza yuko wapi, wanatazamana. Baadaye katibu wa kwaya ataandika kwamba amepoa kiroho.

Ukisoma Wafalme wa Pili, sura ya 4, utamkuta mjane wa mmoja wa manabii, mumewe alimcha Mungu na bado alikufa na deni, na mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hamuulizi mumewe alikopea nini. Anamuuliza ana nini nyumbani. Kisha anamtuma kwa majirani akaazime vyombo vitupu, vingi, na kumwambia akirudi ajifungie mlango, yeye na wanawe, ndipo amimine mafuta. Biblia haituambii kama majirani walielezwa vyombo ni vya kazi gani. Walitoa tu. Na muujiza wenyewe, ambao sisi leo tungeurekodi na kuurusha, ulifanyika mlango ukiwa umefungwa.

Kwa hiyo ukipata ujumbe ule, ufute, au uuhifadhi tu kama atauhitaji kwa ushahidi. Kisha umpigie. Usimwandikie, mpigie, kwa maana maandishi ameyaogopa wiki nzima. Huna haja ya kuwa na Sh50,000 mkononi. Wengi walionaswa hapa wanahitaji kwanza mtu wa kukaa naye na karatasi, waandike anadaiwa na nani, kiasi gani, na ipi kati ya programu hizo haina leseni. Baadhi ya madeni ya vikundi vyetu vya kuweka na kukopa yangeweza kulibeba lile la mtandaoni kwa riba ya kibinadamu, kama mtu angethubutu kusema. Hathubutu kwa sababu ya jinsi tulivyomjadili aliyetangulia.

Tusisahau pia Nehemia, sura ya 5. Watu wamekopa kwa njaa na kwa kodi ya mfalme, mashamba yamewekwa rehani, binti zao wameanza kutwaliwa. Nehemia anakasirika na kuwaitia wakubwa mkutano mkubwa. Lakini ukifika mstari wa 10 unagundua kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha, na anasema wazi kuwa riba ile waiache, akijihesabu ndani.

Kanisa nalo lijihesabu ndani. Fungua kundi lolote la WhatsApp la mchango wa jengo: jina, ahadi, alama ya tiki kwa aliyelipa, na mbele ya jina la fundi viatu pako wazi, mwezi wa nne sasa, na orodha inatumwa upya kila asubuhi. Ziko sharika ambako majina ya wasiomaliza ahadi husomwa mbele ya ibada au hubandikwa kwenye ubao karibu na ratiba ya zamu. Kamati husema inafanya hivyo ili kuhamasishana. Mtunza hazina ana namba ya kila mtu kwenye orodha ile, na fundi viatu ana kibanda chake nje ya geti la kanisa, jioni huwa yupo peke yake.