Kikohozi Baada ya Kuchoma Dhahabu

Katika machimbo ya Ushetu, kama ilivyo Geita, siku ya kuchoma ni siku ya matumaini. Karasha limekwisha kusaga mawe, mchanga umeoshwa mwaloni, na zebaki imeikusanya dhahabu katika donge moja la rangi ya fedha. Donge hilo huwekwa juu ya makaa. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, na sehemu kubwa ya ule unaovutwa, takriban asilimia 80, hubaki mwilini.

Uchunguzi uliofanyika Rwamagasa, Geita, mwaka 2003, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa, ulionyesha jinsi wachomaji wanavyoathirika. Tangu hapo mitetemo ya mikono na madhara ya figo yamezungumzwa sana. Mapafu yamesahauliwa, ingawa ndiyo yanayoumia kwanza.

Hatari kubwa ni kuchoma ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa kwa kuhofia wezi. Saa chache baadaye huja homa, baridi, kikohozi kikavu na kifua kubana. Nani hatafikiria malaria? Lakini wakati huo njia ndogo za hewa zimekwisha kuvimba, na vifuko vya hewa vinaweza kuanza kuvuja maji na, mara nyingine, damu. Mtoto aliyelala chumba hicho huzidiwa upesi kuliko mchomaji mwenyewe.

Makohozi ya mchimbaji yakiwa na damu, mganga hufikiria kifua kikuu, na hakosei: vumbi la mawe huufungulia ugonjwa huo mlango, na kipimo lazima kifanyike. Kosa ni kuishia hapo. Swali moja halina gharama: je, siku za karibuni dhahabu ilichomwa nyumbani, na nani alikuwapo?

Jibu hubadili matibabu. Mgonjwa wa namna hii huhitaji oksijeni na uangalizi wa karibu hospitalini. Dawa za kuondoa zebaki mwilini haziponyi pafu lililokwisha kuungua. Chombo kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke, huirudisha zebaki ikatumika tena, faida ambayo mchimbaji huielewa haraka kuliko hotuba yoyote.

Na chumba chenyewe kisisahauliwe. Matone ya zebaki hujificha katika nyufa za sakafu na kuendelea kutoa mvuke, hata siku mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani.