Kukesha na Mshipa wa Shingo

Usingizi ni chakula cha ubongo. Mtu akikesha usiku kucha, macho yake yako wazi lakini akili yake inalala. Mama anayemlinda mtoto mgonjwa husahau saa ya dawa. Dereva wa pikipiki katika njia ya Butembo na Beni husinzia, akaanguka.

Shingoni, kila upande, unapita mshipa wa fahamu uitwao vagusi. Watoka kwenye ubongo, washuka mpaka moyoni na tumboni. Mwaka 2021 wataalamu wa jeshi la anga la Marekani walitoa habari za askari 40 waliokesha saa 34. Wengine walipewa umeme mdogo juu ya ngozi ya shingo, bila sindano. Wengine mashine isiyotoa nguvu hiyo. Wale wa kwanza hawakuchoka sana kama wenzao, wakafanya kazi kwa uangalifu zaidi.

Lakini umeme haulipi deni la usingizi. Usijaribu betri wala waya nyumbani: mshipa huo hugusa mapigo ya moyo.

Mlindeni mgonjwa kwa zamu. Dada akikesha leo, shangazi akeshe kesho. Aliyekesha asiendeshe pikipiki, wala asipime dawa peke yake. Alale kwanza.