Kwa nini mtoto wa miezi saba hushindwa kupumua

Msomaji, chukua vipande viwili vya kioo kikavu uvipandanishe. Vitaachana bila taabu. Sasa vilowe maji kidogo, ujaribu tena. Vitang'ang'aniana. Chembe za maji, ambazo wanakemia huziita molekuli, huvutana. Mvuto huo ni dhaifu mno ukilinganishwa na nguvu inayoshikilia atomi ndani ya molekuli yenyewe, lakini hutosha kumbeba yule mdudu atembeaye juu ya maji ya vijito vya Manga, huko Nyamira, asizame.

Mvuto huohuo waweza kumuua mtoto mchanga.

Ndani ya mapafu mna mamilioni ya vifuko vya hewa, na kila kimoja kimelowa. Maji yakivutana, kifuko husinyaa kila pumzi inapotoka. Kinachotuokoa ni utando wa mafuta unaotengenezwa na mapafu yenyewe, ambao hujipenyeza kati ya molekuli za maji kama sabuni na kupunguza mvuto wake. Lakini utando huo kwa kawaida hautoshi mpaka mimba ikaribie wiki 35. Dkt. Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Marekani ndio walioonyesha, mwaka 1959, kwamba watoto waliofariki kwa ugonjwa huu walikuwa wameukosa. (Ile imani kwamba mtoto wa miezi saba huishi kuliko wa minane haina msingi wowote.)

Mama anayetarajiwa kujifungua mapema, kati ya wiki 24 na 34, aweza kudungwa deksamethazoni, dawa ya bei nafuu inayoharakisha utando huo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani, uliohusisha Kenya na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba kwa kila akina mama 25 waliodungwa, mtoto mmoja zaidi aliokolewa. Si sindano ya kununuliwa dukani. Mama akiwa na maambukizi kwenye uzazi yaweza kumdhuru, na mtoto lazima apate huduma hospitalini.

Basi ikiwa mkeo yuko nyumbani Manga nawe u Nairobi, mpigie simu leo. Chupa ikipasuka, damu ikitoka au uchungu ukianza kabla ya wiki 37, asingoje kupambazuke. Ateremke hospitalini Kisii mtoto angali tumboni. Akijifungua njiani, mtoto akaushwe, awekwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, na safari iendelee. Akiguna, mbavu zikibonyea, au akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, anahitaji oksijeni upesi.