Kabla injini kuukuu haijafika mtoni: Kipimo cha nusu saa kinachookoa fedha na maisha

NESITU, Sudan Kusini

NESITU si bandari. Ni kituo cha barabarani upande wa mashariki wa Mto Nile, kwenye barabara kuu ya Juba–Nimule, mahali ambapo dereva aliyetoka Uganda huanza kuhesabu kwamba Juba sasa imekaribia. Hata hivyo, injini ya boti iliyokwishatumika, iliyonunuliwa Kampala au Jinja na kufungwa juu ya lori katikati ya magunia, hupita hapa kabla ya kuugusa mto itakaoutumikia.

Sababu ni jiografia. Nimule na Juba ziko kwenye mto mmoja, lakini boti haiwezi kutoka mji mmoja hadi mwingine, kwa kuwa Maporomoko ya Fola na miamba iliyoko njiani imeifunga njia ya maji. Ndivyo ilivyokuwa hata enzi za ukoloni: msafiri alipanda meli Ziwa Albert, akashuka Nimule, akaenda Juba kwa gari, kisha akapanda meli nyingine ya kuelekea Kosti, Sudan. Leo sehemu hiyo ya nchi kavu ni lami ya kilomita 192 iliyokamilika mwaka 2012 kwa msaada wa Marekani. Tangu Mei 2022, Daraja la Uhuru lililojengwa kwa msaada wa Japani limeongeza njia ya kuvuka mto kuingia Juba.

Kwa hiyo anayenunua injini kuukuu kwa ajili ya mto ana nafasi ya kuihoji ingali nchi kavu, fedha yote haijatoka mfukoni. Swali la kwanza kuiuliza ni moja: silinda zako zinabana kiasi gani?

Mto hausubiri

Swali hilo lina uzito. Chini ya Juba mto unaelekea Mongalla, Terekeka na Bor, kisha unaingia Sudd, mojawapo ya vinamasi vikubwa kabisa duniani. Tangu mafuriko makubwa yaliyoanza mwaka 2019, maeneo mengi ya Jonglei na Unity yamekaa chini ya maji kwa miezi na hata miaka. Kuna vijiji ambavyo mgonjwa, mama mjamzito na gunia la mtama havifikiwi ila kwa boti au mtumbwi.

Injini ikizimika barabarani, dereva huegesha na kuita fundi. Ikizimika mtoni, boti hupelekwa na mkondo hadi kwenye magugu, au hugeuka ubavu na kuingiza maji.

Tena mto una hila yake. Boti yenye injini dhaifu inaweza kushuka na abiria bila manung'uniko, kwa sababu mkondo unaisaidia. Udhaifu hujitokeza wakati wa kurudi, boti inapopanda dhidi ya maji ikiwa na mzigo. Mnunuzi aliyejaribishiwa injini kwa kuteremka mto hajajaribishiwa kitu. Alichokiona ni nguvu ya mto.

Kubana ndiko kazi yenyewe

Pistoni inapopanda ndani ya silinda hubana mchanganyiko wa hewa na petroli. Plagi ikitoa cheche, mchanganyiko huo huwaka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Hapo ndipo panga la boti linapozunguka. Ikiwa ringi zimelika, silinda imechubuka, pistoni imetoboka au gasketi ya hedi imeungua, hewa huvuja wakati wa kubanwa. Kabureta inaweza kuwa safi na plagi mpya kabisa, lakini nguvu haitapatikana.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakihitaji injini iwashwe. Kuwasha injini ya boti nchi kavu bila maji ya kuipoza ni kuiharibu: raba ya pampu ya maji huungua kwa muda mfupi tu. Kupima mgandamizo kunahitaji geji, spana ya plagi na mkono wenye nguvu.

Hatua zenyewe ni hizi. Injini isimamishwe imara na gia iwe huru. Plagi zote zitolewe, si moja tu, ili injini izunguke kwa wepesi ule ule kwa kila silinda. Umeme wa plagi ukatwe au waya zake ziunganishwe na chuma cha injini, maana cheche ikiruka karibu na mvuke wa petroli, fundi anaweza kuungua. Geji ifungwe kwenye tundu la plagi. Mkono wa mafuta ufunguliwe mpaka mwisho ili hewa iingie bila kizuizi. Kisha kamba ya kuwashia ivutwe kwa nguvu mara tano au sita, hadi mshale wa geji ukome kupanda. Namba iandikwe, mshale urudishwe sifuri, na silinda inayofuata ipimwe kwa idadi ile ile ya mivuto.

Kwa kawaida injini hupimwa ikiwa na joto. Iliyotoka kwenye lori itakuwa baridi, na namba zake zitakuwa chini kidogo. Hilo si kosa, mradi silinda zote zipimwe katika hali moja.

Tofauti ndiyo habari

Geji nyingi husoma kwa pauni kwa inchi ya mraba. Injini ndogo za mipigo miwili, zile zinazochanganyiwa oili na petroli, zikiwa na afya mara nyingi husoma kati ya 90 na 130, kutegemea aina. Kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye neno la mwisho.

Lakini mwenye injini kuukuu aangalie zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Injini ya silinda mbili inayosoma 102 na 100 imezeeka kwa usawa na bado inaweza kufanya kazi. Inayosoma 115 na 80 ni mgonjwa, ingawa silinda yake moja ina namba ya kupendeza. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni kwamba tofauti isizidi asilimia 10 hadi 15. Injini ya 115 na 80 inaweza kuwaka kwa mvuto wa kwanza na kunguruma vizuri mbele ya mnunuzi. Ikipewa mzigo, silinda moja itabeba kazi ya mbili.

Silinda ikiwa chini, fundi humimina ndani yake oili kiasi cha kijiko cha chai, akazungusha injini, kisha akapima tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba mwanya wa ringi. Shida iko kwenye ringi au ukuta wa silinda. Isipopanda, ashuku gasketi ya hedi au pistoni iliyotoboka. Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi iliyo kati yao ndiyo mshukiwa wa kwanza. Na si kila namba ndogo ni hukumu ya kifo: ringi zilizoganda kwa masizi zinaweza kusafishwa, na gasketi ni spea ya bei nafuu ikilinganishwa na injini nzima.

Jaribio hilo la oili ndilo pia mlango wa udanganyifu. Muuzaji akitangulia kumimina oili kwenye silinda, injini iliyochoka itasoma kama kijana. Dawa ni kutazama plagi zinapotolewa. Zikiwa zimelowa oili mbichi, injini izungushwe mara nyingi huku matundu yako wazi, ifutwe, ndipo ipimwe.

Mombasa 120, Kisumu 105

Kuna jambo ambalo fundi wa pwani na fundi wa ziwani wanaweza kubishania siku nzima, na wote wakawa sahihi. Hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda kutoka usawa wa bahari, na silinda hubana hewa inayoikuta. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari. Injini inayosoma 120 Mombasa itasoma takriban 105 Kisumu au Jinja bila kuharibika hata kidogo. Juba, iliyo kwenye mita 500 hivi, injini hiyo hiyo itasoma kama 113.

Kwa biashara inayovuka mipaka, hesabu hiyo ni fedha. Namba iliyoandikwa Jinja ikisomwa Juba bila kujua ilipopimwa, injini nzima inaweza kukataliwa. Na injini iliyosoma 105 Jinja ikipimwa Juba ikatoa 105 tena, imepoteza kitu njiani, au mmoja wa wapimaji hakufungua mkono wa mafuta.

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliridhia Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha zake rasmi. Kwenye barabara ya Nimule lugha hiyo haikusubiri mikutano. Ilikuja na madereva, wafanyabiashara, na wakimbizi waliorejea kutoka Uganda na Kenya, ikakaa bega kwa bega na Kiarabu cha Juba. Kinachosafiri kwa shida zaidi ni maelezo ya mali yenyewe. Injini huvuka mpaka ikiwa na risiti ya bei, bila neno kuhusu afya yake.

Karatasi moja ingetosha: namba ya injini, mji ilipopimwa, ilikuwa baridi au na joto, kila silinda ilisoma ngapi, na jina la fundi. Haihitaji mkataba wa mawaziri. Inahitaji muuzaji wa Jinja akubali kuiandika na mnunuzi wa Juba akatae kulipa bila kuiona.

Asiye na karatasi bado anayo Nesitu. Lori likisimama, turubai likifunuliwa, geji na spana zikipatikana, nusu saa inatosha. Baada ya hapo barabara inaingia Juba, injini inafungwa nyuma ya boti, na kipimo kinachobaki ni kupanda mto na abiria ndani.