Amerudi kutoka ng'ambo. Tumwulize nini?

Ukitoka Kasese kuelekea Bwera, karibu na Kikorongo utawakuta vijana wa Kizungu wamesimama kwenye alama ya ikweta, mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, wakipiga picha. Wengi wana miaka kumi na minane au ishirini. Wamemaliza shule, wakajipa mwaka mzima wa kuzunguka dunia kabla ya kuingia chuo kikuu. Juzi walikuwa Nairobi, mwezi ujao watakuwa India. Kesho wanapanda Rwenzori, na atakayewabebea mizigo kuelekea kwenye theluji ni kijana wa Kikonzo wa rika lao.

Hapa Rukoki, ambako vijana hufuata karatasi zao katika ofisi za wilaya, swali hurudi kila mara: je, kijana wetu naye anaweza kufanya safari ndefu kama hiyo, au ni anasa ya wenye fedha? Wazee hujibu upesi kwamba ni anasa. Mimi nawaheshimu wazee, lakini nadhani wanasahau jambo. Vijana wetu wamekuwa wakizunguka dunia siku zote, ila sisi hatuiiti safari. Tunaiita kyeyo, tunaiita biashara, tunaiita ukimbizi.

Wala halikuanza jana. Mwaka 1896 Mngazija mmoja aitwaye Salim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani, Dk. Bumiller, hadi Urusi na Siberia. Alikwenda kama mtumishi, si kama mtalii. Hata hivyo macho yalikuwa yake mwenyewe. Habari za safari hiyo zilichapwa kwa Kiswahili mwaka 1901, katika kitabu cha Carl Velten kiitwacho Safari za Wasuaheli. Bwana yule leo anakumbukwa na wachache sana, na wengi wa hao wanamjua kwa sababu mtumishi wake alisimulia.

Kwetu Uganda, Ham Mukasa alifuatana na Katikiro Apolo Kagwa hadi Uingereza mwaka 1902, kwenye kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Mfalme akaugua, sherehe ikasogezwa kutoka Juni hadi Agosti, na wageni wakapata muda mrefu wa kutembezwa. Mukasa aliandika kila alichokiona, akikipima kwa vipimo vya nyumbani ili msomaji wa Buganda aelewe. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1904.

Sasa tuje karibu zaidi, ng'ambo ya mto Lhubiriha. Wanande wa Butembo, ndugu wa damu wa Wakonzo, hawakungoja mtu wa Kinshasa awaletee bidhaa. Katika miaka ya 1980 na 1990, huku barabara zikioza na baadaye vita vikiwabana, wafanyabiashara wao walifika wenyewe Dubai, Hong Kong na Guangzhou. Wenye mtaji mdogo walichangiana kontena moja. Mzigo ukashuka Mombasa, ukapita Malaba na Kampala, ukaingia Kasese, ukavuka Mpondwe hadi Kasindi, Beni na Butembo. Wengi wa wasomaji wa ukurasa huu wamekula kwa mzigo huo, wakiwemo wanaodai kwamba safari ni kupoteza pesa.

Ukimketisha mfanyabiashara wa namna hiyo, usimwulize ameuza kwa bei gani. Mwulize alivyojifunza kununua. Atakwambia kwamba mwenye kiwanda China hataki kujua wewe ni nani. Swali lake la kwanza ni utachukua vipande vingapi. Atakwambia kwamba sampuli nzuri mezani haina maana kama hukusimama mwenyewe mzigo unapofungwa. Maonyesho makubwa ya Guangzhou hufanyika mara mbili kwa mwaka, na yamekuwapo tangu 1957. Kijana anayezunguka mabanda yale kwa siku nne, hata bila kununua kitu, anarudi na elimu ambayo duka la Bwera haliwezi kumpa kwa miaka kumi.

Upande mchungu nao tusiufiche. Tangu 2005 maelfu ya vijana wa Uganda walikwenda Iraki kulinda kambi za Wamarekani. Mabinti zetu walikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, na malalamiko yalipozidi serikali ikasimamisha mwaka 2016 kupeleka wajakazi Saudia, kisha ikaruhusu tena. Kuna waliofungiwa ndani na kunyang'anywa pasi siku ya kwanza. Huyo ametembea dunia nzima akaiona kupitia dirisha la jiko. Tofauti yake na yule kijana wa ikweta haiko kwenye ujasiri. Yule ana tiketi ya kurudi, ana bima, na pasi yake hufungua milango. Wetu ana deni, na mara nyingi shamba la ukoo limewekwa rehani. Msimamo wangu hapa ni mkali: safari yoyote inayotaka hati ya shamba isubiri.

Na akirudi, tunampokea vipi? Wiki ya kwanza tunauliza: umejenga wapi? Gari linakuja lini? Akiwa hana la kuonyesha, ananyamaza, na yote aliyoyaona yananyamaza naye. Wamo waliorejea Kasese wanaojua Kiarabu cha sokoni, wanaojua kuhudumia mgonjwa mzee, wanaojua jinsi ghala la maelfu ya bidhaa linavyopangwa, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Hata Omusinga wetu, Charles Wesley Mumbere, aliurithi uongozi wa Rwenzururu mwaka 1966 akiwa mvulana, na mwaka 1984 akaenda Marekani kusoma. Serikali iliyomsaidia ilipoanguka, msaada ukakatika. Akajifunza kazi ya msaidizi wa wauguzi, akatunza wazee katika majumba ya kuwatunzia, karibu na Washington na baadaye Pennsylvania, hadi ufalme ulipotambuliwa mwaka 2009 akarudi kutawazwa. Tumeandika mno kuhusu taji na mambo mazito yaliyofuata. Ile miaka ya kuwahudumia wazee wa watu wengine, usiku na mchana, tumeipa mistari miwili. Mimi ningependa kuisoma kitabu kizima.

Kwa nini basi ungali kijana? Kwa sababu kijana hulala kwenye benchi la stendi akaamka mzima. Lugha humwingia upesi. Akipoteza miezi sita hakuna watoto waliolala njaa. Mwenye duka, mke na wapangaji hawezi kuondoka kwa urahisi. Akiondoka, roho yake hubaki kwenye kufuli.

Mzazi mwenye bei ya pikipiki mkononi hana haja ya kuchagua kati ya boda boda na dunia nzima kwa siku moja. Tangu 2014 Mganda anaingia Kenya na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa tu. Nauli ya basi hadi Kampala, ya Nairobi, kisha ya Mombasa, chakula na mahali pa kulala kwa wiki mbili: hiyo ni sehemu ndogo ya pikipiki. Mpe daftari pia, na umwambie aandike bei. Aone meli zikishushwa, aulize kontena la Kasindi hukaa siku ngapi na nani analipwa nini kabla halijatoka. Akirudi Bwera siku ya soko, Jumanne au Ijumaa, mketishe kabla hajaoga, ufungue daftari naye.