UZI: Bahasha ya mheshimiwa, mbao ya kukhu, na hesabu za kanisa

1/ Wadau, leo tunachambua ule mjadala unaorudi kila uchaguzi ukikaribia: je, kanisa lipokee pesa za wanasiasa? Kanuni za hapa ni zile zile. Hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja jina kwenye maoni, nafuta. Haya, tuanze.

2/ Upande wa kwanza unasema pesa hiyo ni chafu, irudishwe. Upande wa pili unasema pesa haina dini, mabati yanavuja, na mheshimiwa naye ni Mkristo kama wewe. Nimesikia pande zote mbili redioni, kwenye matatu na kwa vibanda vya chai hapa Moi's Bridge. Naona wote wanaliruka swali lililo chini: pesa ikishaingia, nani anaweza kuuliza imeenda wapi, na akajibiwa?

3/ Sisi huku mchezo huu tunaujua kwa sababu ya ramani. Mji uko Uasin Gishu, lakini Trans Nzoia na Kakamega ziko hapo tu jirani. Barabara ya Eldoret kwenda Kitale inapita katikati yetu. Kwa hivyo Jumapili za msimu wa siasa, magari ya kaunti tatu yanaweza kupaki nje ya makanisa ya barabara moja. Ibada inasimama, maiki inabadilisha mikono, bahasha inainuliwa juu ili kila mtu aione.

4/ Kwanza sheria, maana watu hudhani hapa hakuna sheria. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilimkataza afisa wa umma kutumia cheo chake kushurutisha watu watoe mchango. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, serikali yenyewe ilitangaza kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki tena harambee za hadharani. Tangazo lilikuwa wazi. Endelea kusoma uone lilidumu vipi.

5/ Sasa hesabu ya darasa la sita. Mshahara wa mbunge ni kama shilingi 700,000 na kitu kwa mwezi, kabla ya makato. Chukua mheshimiwa wa kubuni anayetoa 200,000 kila Jumapili. Jumapili nne ni 800,000. Ameshamaliza mshahara wote na bado hajala, hajaweka mafuta kwa gari, hajalipa karo. Simwiti mwizi, labda ana biashara. Lakini kuuliza pesa inatoka wapi si kukosa adabu. Kama ni ya kodi, basi unarudishiwa chako huku unapigishwa makofi.

6/ Makanisa yenyewe yameligusa jambo hili zaidi ya mara moja. Septemba 2021, hapo Butere, Askofu Mkuu wa Anglikana, Jackson Ole Sapit, aliwanyima wanasiasa maiki siku ya kuwekwa wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Anglikana nchini Kenya kama askofu. Waheshimiwa walikuwepo. Walikaa, wakaabudu, wakaenda. Hakuna aliyefukuzwa. Kilichokatazwa ni kugeuza madhabahu kuwa jukwaa.

7/ Novemba 2024 ikaja ile ya Soweto, parokia ya Kikatoliki kule Nairobi. Ilikuwa miezi minne tu baada ya tangazo la post 4. Kiongozi wa ngazi ya juu alitoa 600,000 kwa kwaya na baraza la parokia, na milioni 2 za nyumba ya mapadre. Akaahidi milioni 3 zaidi na basi. Siku iliyofuata, Askofu Mkuu Philip Anyolo akatoa taarifa: zilizotolewa zirudishwe, za ahadi hatuzitaki.

8/ Machi 2025, kanisa moja Roysambu liliahidiwa milioni 20. Jumapili iliyofuata vijana walikuwa barabarani wakiandamana kuelekea kanisani, na polisi wakawa na vitoa machozi. Ona umbali tuliosafiri: sadaka, kitu cha kuleta amani, imehitaji polisi.

9/ Wengi husimama hapo: askofu aliyerudisha pesa ni shujaa, mjadala umeisha. Haujaisha. Pesa za Soweto zikirudi, nyumba ya mapadre bado inahitaji kujengwa. Nani ataijenga? Waumini. Na waumini wakiijenga, watataka kujua simiti imenunuliwa mifuko mingapi na kwa bei gani. Kiini cha uzi wa leo ndicho hicho.

10/ Kuna wazo tunalofundishwa mapema kwenye sayansi ya siasa. Mwaka wa 1970 msomi mmoja, Hossein Mahdavy, akiandika kuhusu Iran, alieleza habari za serikali zinazoishi kwa pesa kutoka nje, kama za mafuta. Waliomfuata wakalipanua: serikali isiyotegemea kodi ya raia haina haraka ya kumsikiliza raia. Anayelipa ndiye anayeuliza. Usipomhitaji alipe, humhitaji pia aulize.

11/ Sasa lipeleke wazo hilo kanisani. Kanisa linaloishi kwa mbao mbao za waumini lazima liwaeleze, la sivyo kikapu kitarudi kitupu. Kanisa lililopata bahasha moja ya laki tano halimhitaji tena yule wa shilingi ishirini. Mchungaji si lazima awe mbaya. Polepole tu atajikuta anajua ratiba ya mheshimiwa kuliko kujua nani amelazwa hospitali wiki hii. Pesa kubwa humwondoa mtoaji mdogo kwenye mazungumzo, na hilo hutokea hata kama hakuna aliyeiba senti.

12/ Kukhu wangu hupeleka sadaka ya mavuno: gorogoro mbili za mahindi, wakati mwingine kuku. Makanisa mengi huku hupiga mnada baada ya ibada, yule kuku ananunuliwa, pesa inaingia mfukoni mwa mtu fulani "kwa muda". Nimemuuliza kama amewahi kusomewa kuku wake alileta ngapi mwaka mzima. Alicheka. Akasema za Mungu haziulizwi.

13/ Hapo ndipo sikubaliani naye, kwa heshima zote. Biblia yake mwenyewe inauliza. Soma 2 Wafalme 12: mfalme Yoashi anataka hekalu likarabatiwe, kuhani anatoboa tundu kwenye kifuniko cha sanduku, na likijaa, wanaokuja kuhesabu ni wawili: mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Mtu mmoja hakuachiwa kuhesabu peke yake.

14/ Soma 2 Wakorintho 8. Paulo anakusanya mchango mkubwa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Angesema "niaminini, mimi ni mtume." Badala yake anatumwa Tito, pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe kusafiri na ule mchango. Sababu anaitoa waziwazi: hataki mtu apate la kulaumu, na anataka mambo yaonekane sawa mbele ya Mungu na mbele ya watu pia. Mtume alikubali kukaguliwa. Pasta wako ni nani asikubali?

15/ Na kukataa pesa si uasi wa vijana wa mtandaoni. Mwanzo 14, Abramu anakataa mali ya mfalme wa Sodoma ili yule asije akajisifu kwamba ndiye aliyemtajirisha. Matendo 8, Simoni anamletea Petro pesa akitaka kununua karama, Petro anamrudishia kwa maneno makali. Wote wawili waliuliza jambo moja kabla ya kushika pesa: huyu atasema ananimiliki?

16/ "Lakini mheshimiwa ni muumini, utamkatazaje kutoa?" Swali la haki, na jibu langu ni fupi: asikatazwe. Atoe kama muumini. Kikapu kile kile, paybill ile ile, bila maiki, bila kiwango kutangazwa, bila picha. Akitoa hivyo, Mungu ampe zaidi. Akisema bila maiki hatoi, basi alikuwa ananunua, na kitu anachonunua ni wewe uliyekaa kwenye benchi.

17/ Mimi si mhasibu, lakini dalili za kanisa linaloshika pesa vizuri hazihitaji digrii:
- Sadaka huhesabiwa na watu wawili au watatu wasio wa nyumba moja, siku hiyo hiyo, na wanatia sahihi.
- Paybill ni ya jina la kanisa, si namba ya simu ya pasta au ya mama mchungaji.
- Kutoa pesa benki kunahitaji sahihi zaidi ya moja.
- Mahindi, kuku na mayai ya mnada yanaandikwa bei yaliyouzwa.
- Hesabu husomwa mbele ya waumini, na mtu anaweza kuuliza bila kuitwa mpinzani wa kazi ya Mungu.

18/ Hili la mwisho si hisani. Makanisa mengi yamesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108. Sheria hiyo inataka chama kilichosajiliwa kiweke vitabu vya hesabu na kiwaruhusu wanachama kuvikagua. Kwa hivyo muumini anayeomba kuona vitabu hajaleta fitina, anatumia haki yake.

19/ Kuna pia upande wa ukarimu, ambao tunausahau tukishughulika na wizi. Kanisa linaweza kuwa na vitabu safi kabisa na liwe bahili. Kila senti ina risiti, na zote zimeenda kwa spika, viti na gari. Ukisomewa hesabu, usiulize tu "kuna iliyopotea?" Uliza "ngapi imetoka nje ya ua huu?" Karo ya yatima, bili ya hospitali, unga kwa mjane mwezi wa sita ghala likiwa tupu na mahindi mapya bado shambani. Uaminifu bila ukarimu ni benki. Ukarimu bila uaminifu ni kampeni.

20/ Haya yanahusu siasa vipi? Sana. Mapema 2016 serikali ilileta rasimu ya kanuni za kusimamia makanisa. Makanisa yalipinga, yakasema yanaweza kujisimamia, na kanuni zikarudishwa nyuma. Mimi nadhani walikuwa na hoja: serikali ikishika ufunguo wa kanisa, kesho itachagua mahubiri. Lakini ukisema utajisimamia, ni deni hilo. Kila hesabu isiyosomwa inampa serikali sababu ya kurudi na ile rasimu.

21/ Tena, tunahitaji sauti ya kanisa. Nchi hii imesaidiwa mara nyingi na viongozi wa dini waliosema ukweli wakati wengine wananong'ona. Lakini askofu ataulizaje pesa za kaunti zimeenda wapi, kama hawezi kueleza za kuku wa mnada? Mheshimiwa atamjibu kwa tabasamu, maana risiti anayo. Kanisa lenye vitabu wazi ndilo linaloweza kumwangalia mwenye mamlaka machoni.

22/ 2027 inakuja na bahasha zinakuja nayo. Usisubiri askofu azirudishe. Jumapili hii, baada ya ibada, muulize mweka hazina swali moja kwa upole: hesabu za mwaka jana zilisomwa lini? Kama zilisomwa, mshukuru, maana kazi hiyo haina makofi. Kama hazikusomwa, tafuta wenzako wawili muulize tena mkiwa watatu.

23/ Uzi umeisha hapo. Kama kanisa lenu husoma hesabu, andika chini mnafanyaje ili wengine waige. Jina la kanisa si lazima, na la mwanasiasa ni marufuku. Wiki ijayo: pesa za basari, nani huamua mtoto gani apate.